Aliyeleta chai

Kikao kilikaa Jumapili baada ya Alasiri, Ngamiani, Tanga, barazani kwa baba mkubwa. Wazee walikuwa mkekani wameegemea mito, sisi wengine tumebanana ukingoni. Baba mkubwa na baba mdogo walikuwa hawasemezani tangu Ramadhani, na kilichowagombanisha ni binti wa kazi.

Binti anatoka Lushoto. Nauli yake ya kuja mjini aliilipa baba mkubwa. Akafanya kazi kwake mwaka na miezi kadhaa, kisha asubuhi moja akabeba mfuko wake akahamia kwa baba mdogo, mitaa mitatu kutoka pale. Baba mkubwa akasema kaibiwa mtu wake. Baba mdogo akasema yeye hakumwita mtu. Binti kaja mwenyewe analia, sasa amfukuze aende wapi?

Wazee walisikiliza kila upande bila haraka. Mwishowe mzee mmoja, ambaye akisema huwa yamekwisha, akakata shauri: binti arudi kwa baba mkubwa mpaka mwisho wa mwaka ili gharama za nauli zirudi, mwaka ukiisha ahamie kwa baba mdogo, na asiwepo wa kusema kaonewa. Ndugu wawili wakapeana mikono. Ikasomwa Fatiha. Mama mkubwa alijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mimi nami niliitikia "amin" kwa moyo wangu wote, maana nawapenda wote wawili na nilikuwa nimechoka kuchagua nyumba ya kula Idi.

Kisha ikaja chai.

Aliyeileta ni yule binti. Baba mdogo alikuja naye asaidie jikoni. Alipita na sinia mbele ya kila mmoja wetu, akiinama, na kila mmoja wetu alichukua kikombe akamwambia ahsante. Juu ya kiganja chake cha kulia palikuwa na kidonda cha kuungua kilichoanza kukauka, kama cha mafuta ya maandazi.

Hatukumwuliza kitu.

Sentensi niliyoshindwa kuiandika

Mimi ni mwalimu wa historia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani nimevifundisha miaka mingi kwa njia ile ile: Kaskazini walitaka hivi, Kusini walitaka vile, wakashindwa kuelewana juu ya utumwa, wakapigana kuanzia 1861 hadi 1865. Wiki mbili baada ya kikao cha Ngamiani nilisimama mbele ya darasa, nikaandika ubaoni "Walishindwa", na mkono ukagoma kwenye neno lililofuata.

Kwa sababu hawakushindwa kuelewana. Walielewana mara nyingi sana, kwa zaidi ya miaka 70, na kila walipoelewana kulikuwa na mtu anapita na sinia.

Nieleweke. Sisemi binti wa Lushoto ni mtumwa. Ana mshahara, japo mdogo, ana kwao, hakuna sheria inayomfunga kwa mtu. Kumwita mtumwa ni kuwavunjia heshima waliouzwa kweli, na pwani yetu inawajua. Ninachosema ni kwamba umbo la kile kikao nililitambua, na tangu siku hiyo sijaweza kuifundisha mada ile kama zamani.

Muafaka juu ya muafaka

Chukua Philadelphia, 1787, wanapoandika Katiba. Kusini wanataka watumwa wao wahesabiwe wakati wa kugawa viti vya bunge. Kaskazini hawataki. Wakakutana katikati: watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Mtumwa hatapiga kura hata moja, lakini mwili wake utamwongezea bwana wake viti. Wakapatana pia kwamba uingizaji wa watumwa kutoka ng'ambo usipigwe marufuku kabla ya 1808, na kwamba anayetorokea jimbo jingine arudishwe kwa mwenyewe. Neno "mtumwa" lenyewe hawakuliandika popote. Waliandika "watu wengine wote".

Hilo la kukwepa neno ndilo linaloniumiza zaidi. Walijua.

Mwaka 1820 Missouri inataka kuingia kama jimbo la utumwa. Bunge linatokota, kisha muafaka: Missouri iingie na utumwa, Maine iingie bila utumwa, na kwenye ramani ya eneo la magharibi uchorwe mstari wa nyuzi 36 na dakika 30, kaskazini ya mstari hakuna utumwa isipokuwa Missouri yenyewe. Mtu aliyevuma kwa kazi hiyo ni Henry Clay wa Kentucky, ambaye watu walimwita msuluhishi mkuu. Alikuwa hodari kweli. Alikuwa pia na watumwa shambani kwake.

Mwaka 1836 wabunge wakapatana kwamba maombi yote ya raia ya kupinga utumwa yawekwe kando bila kujadiliwa, ili kikao kiwe na utulivu. Utulivu huo ulidumu hadi 1844. Mwaka huo huo Wamethodisti wakagawanyika juu ya swali kama askofu anaweza kuwa na watumwa, na mwaka uliofuata Wabaptisti nao wakapasuka. Ukiona hata wanaosali pamoja hawawezi tena kusali pamoja, ujue kilichofunikwa kimeshachemka.

Mwaka 1850, tena Clay, sasa mzee. California iingie bila utumwa. Kusini nao wapewe sheria kali zaidi ya kuwarudisha waliotoroka. Watu wakashangilia mitaani. Nchi imeokolewa.

Nimelelewa kuipenda suluhu. Kwetu mtu anayepatanisha ana thawabu, na anayekataa mkono wa nduguye anaogopwa. Kwa hiyo nilipofika hapa nilisita sana. Kama suluhu yenyewe inaweza kuwa ndiyo dhuluma, mimi niliyeitikia "amin" ni nani?

Sanduku la bibi

Kuna usiku niliacha kusoma kwa sababu nilikutana na neno la nyumbani.

Bibi mzaa mama alikuwa na sanduku la mbao, na chini kabisa, chini ya khanga zake za kutokea, alikuwa amekunja kipande cha merikani alichojiwekea kwa ajili ya sanda. Alikitoa kukianika mara moja kwa mwaka. Kilikuwa kigumu, cheupe cha kuelekea umanjano, na kilinukia karafuu. Nilikuwa mtoto, sikuuliza kwa nini kitambaa kina jina la nchi.

Sasa najua. Meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikifika Unguja tangu enzi za Sayyid Said, aliyetia saini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833. Miaka minne baadaye konsuli wao alikuwa ameshafungua ofisi mjini. Shehena yao kubwa ilikuwa nguo ya pamba. Pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini ilifumwa katika viwanda vya Kaskazini na kushushwa forodhani kwetu. Misafara iliibeba nguo hiyo hadi bara, ikatumika kama fedha. Ilinunua pembe za ndovu. Ilinunua na watu. Pembe zilirudi New England zikachongwa vibao vya piano.

Vita vilipoanza pamba ikakatika, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi madukani. Jina likabaki, hadi kwenye sanduku la bibi.

Nilikuwa nikidhani nasoma ugomvi wa watu wa mbali. Sikujua kwamba nguo ile ilifika hadi kwenye maziko yetu. Na nilielewa pia kitu ambacho vitabu vyangu vya shule vilikipita haraka: Kaskazini haikuwa nje ya utumwa. Ilikuwa inauvaa na kuuza. Kufikia 1860 pamba ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote ambazo Marekani iliuza nje, na watumwa wenyewe, karibu milioni 4, walithaminiwa kwa fedha nyingi kuliko reli zote na viwanda vyote vya nchi vikijumlishwa. Charles Sumner, mwanasiasa wa Massachusetts, aliwaambia wenzake wazi mwaka 1848: kuna ushirika kati ya mabwana wa mjeledi na mabwana wa mitambo ya kufumia.

Mkiwa na mali ya namna hiyo kati yenu, muafaka hauwi mgumu kupatikana.

Anthony Burns anapita mtaani

Kwa hiyo kilichovunja muafaka ni nini? Nimehangaika na swali hili wiki nzima, na kila mara narudi kwa kijana mmoja.

Anthony Burns alizaliwa mtumwa Virginia mwaka 1834. Alijua kusoma na kuandika, na alihubiri. Mwanzoni mwa 1854 alijificha melini kutoka Richmond akafika Boston, akapata kazi katika duka la nguo. Kisha akafanya jambo ambalo sote tungelifanya: akamwandikia barua ndugu yake aliyeachwa nyuma. Barua ikaangukia mikononi mwa bwana.

Tarehe 24 Mei, jioni akirudi kutoka kazini, alikamatwa kwa kisingizio cha wizi wa duka la vito. Akapelekwa mahakamani, na pale ndani akamkuta bwana wake, Charles Suttle, amemsubiri. Wakasalimiana. Burns akamjibu kama alivyozoea kumjibu.

Sasa tazama sheria ya 1850 inavyofanya kazi. Aliyekamatwa hana haki ya baraza la wazee wa mahakama. Haruhusiwi kujitolea ushahidi. Kamishna anayeamua hulipwa dola 10 akiamua mtu arudishwe, dola 5 akiamua aachiwe. Raia yeyote akiitwa kusaidia kumkamata, lazima asaidie. Na maneno yale machache ambayo Burns alimjibu bwana wake usiku ule yalipokewa kuwa uthibitisho kwamba ndiye.

Kinywa chake kilikubaliwa kumshtaki, kikakataliwa kumtetea.

Watu weusi na weupe walijaribu kuvunja mlango wa mahakama wamtoe. Mlinzi mmoja akauawa, Burns akabaki ndani. Tarehe 2 Juni wakamtoa kwenda bandarini. Mtu mmoja, asiye na silaha, katikati ya wanajeshi na mizinga, akipita kwenye umati uliokadiriwa kuwa watu 50,000. Maduka yalitandikwa vitambaa vyeusi. Juu ya mtaa lilining'inizwa jeneza lililoandikwa "Uhuru".

Miongoni mwa walioguswa alikuwa Amos Lawrence, tajiri wa nguo za pamba, mtu wa muafaka tangu zamani. Aliandika kwamba yeye na wenzake walilala usiku mmoja wakiwa wahafidhina wa kupenda maridhiano, wakaamka ni wapinga utumwa wenye hasira kali.

Wiki hiyo hiyo, tarehe 30 Mei, Rais Franklin Pierce alitia saini sheria ya Kansas na Nebraska iliyoufuta ule mstari wa 1820: sasa wakazi wa huko wenyewe wapige kura kama wanataka utumwa au la. Seneta Stephen Douglas, aliyeileta bungeni, aliamini hiyo ndiyo itatuliza mambo. Badala yake watu wa pande zote mbili walikimbilia Kansas na bunduki.

Najiuliza kwa nini Boston iliamka siku ile na si miaka 30 nyuma. Si kwamba hawakujua. Magazeti yalikuwapo, na Frederick Douglass, mtu aliyetoroka utumwani, alikuwa amepita kumbi nyingi akieleza kwa kinywa chake alichofanyiwa. Nadhani ni kwa sababu muafaka, kwa miongo mingi, uliweka mbali yule aliyekuwa akiulipia. Sheria ya 1850 ikamleta mlangoni, ikawataka wao wenyewe washike kamba.

Boston ilimwona aliyeleta chai.

Fimbo

Baada ya hapo mambo yanakimbia, nami nitakimbia nayo. Mei 1856 wafuasi wa utumwa wanauvamia mji wa Lawrence, Kansas, uliopewa jina la yule yule tajiri wa nguo. Siku ya pili yake, Preston Brooks, mbunge wa Carolina Kusini, anaingia ukumbi wa Seneti na kumpiga Sumner kwa fimbo kichwani kwa sababu ya hotuba yake ya kupinga utumwa. Sumner alikuwa amekaa, miguu chini ya meza iliyokazwa sakafuni. Aliing'oa meza akijaribu kuinuka. Alirudi kufanya kazi kwa ukamilifu baada ya miaka mitatu. Brooks alijiuzulu, akachaguliwa tena, na watu wa kwao wakamtumia fimbo mpya kama zawadi.

Nasimama hapa kidogo kwa sababu ya zile fimbo za zawadi. Watu wanaweza kutofautiana vikali na bado wakabaki nchi moja. Lakini upande mmoja unapoona damu ya mwenzake ukatuma zawadi, hapo sioni mzee gani angewakalisha mkekani.

Mwaka 1857 Mahakama Kuu, katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, ikaamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani na kwamba Bunge halina uwezo wa kuzuia utumwa katika maeneo mapya. Mwaka 1859 John Brown, mpinga utumwa, akavamia ghala la silaha la Harpers Ferry, akanyongwa. Mwaka 1860 chama cha Demokrati kikagawanyika, na Abraham Lincoln akashinda kwa takriban asilimia 40 ya kura, bila kushinda jimbo hata moja la Kusini. Tarehe 20 Desemba Carolina Kusini ikajitoa.

Wanafunzi huniuliza kama vita hivi vilikuwa vya haki za majimbo. Huwa nawasomea tamko la Carolina Kusini lenyewe. Miongoni mwa malalamiko yake makuu ni kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Yaani inalalamika kwamba majimbo mengine yametumia haki zao.

Muafaka uliokuwa mezani

Hapa ndipo nilipokosa usingizi.

Machi 1861, majimbo saba yameshajitoa, bado risasi haijalia. Bunge likapitisha, kwa theluthi mbili zinazotakiwa, pendekezo la marekebisho ya Katiba: serikali kuu isiwe na uwezo kamwe wa kugusa utumwa ndani ya majimbo. Lincoln, akiapishwa siku chache baadaye, alisema hana pingamizi.

Yangekuwa Marekebisho ya 13.

Kusini hawakurudi. Tarehe 12 Aprili mizinga ya Kusini ikalia dhidi ya Fort Sumter, ngome ya serikali kuu. Na Marekebisho ya 13 yaliyokuja kuingia kwenye Katiba, Desemba 1865, yalikuwa kinyume chake kabisa: yaliufuta utumwa nchi nzima.

Kati ya marekebisho hayo mawili kuna maiti zaidi ya laki sita. Nimejaribu kuwaza kama mama wa askari mmoja, yeyote, wa upande wowote, ningesema nini juu ya lile pendekezo. Ningelipigia magoti. Kisha nikajaribu kuwaza kama mama mtumwa wa Mississippi, ambako zaidi ya nusu ya watu wote walikuwa watumwa, mwenye mtoto anayekaribia umri wa kuuzwa. Suluhu ile ingefaulu, angeletewa habari kwamba nchi iko salama.

Sijapata namna ya kuwaweka wanawake hawa wawili kwenye mkeka mmoja. Sipendi vita. Lakini sitafundisha tena kwamba msiba wa 1861 ni kuwa watu wenye busara walikosekana.

Watatu kwenye mashua

Wiki sita baada ya mizinga ya kwanza, Mei 1861, watumwa watatu huko Virginia, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walipangwa kujenga ngome ya jeshi la Kusini. Usiku wakachukua mashua ndogo wakapiga makasia kuvuka maji hadi Fort Monroe, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la serikali kuu. Fort Monroe imejengwa pale Point Comfort, mahali pale pale ambapo Waafrika wa kwanza walishushwa Virginia mwaka 1619.

Kesho yake akaja ofisa wa upande wa Kusini kuwadai, akitaja sheria ya 1850. Jenerali Benjamin Butler alikuwa wakili, na si mpinga utumwa wa kupigiwa mfano. Kwenye mkutano wa chama cha Demokrati mwaka uliotangulia alimpigia kura mara nyingi Jefferson Davis, ambaye sasa alikuwa rais wa upande wa Kusini. Alijibu kwamba Virginia imesema yenyewe ni nchi ya kigeni, basi sheria ya Marekani haiihusu tena. Akawakatalia.

Siku zilizofuata wakaja wengine, kwa makumi, kisha mamia, wazee na watoto wachanga wakiwa wamebebwa. Lincoln hakuwaita. Bunge halikuwaita. Vita vilipomalizika watu weusi wapatao 180,000 walikuwa wamevaa sare za jeshi lake.

Darasani nilisoma majina yale matatu polepole, mara mbili.

Simu ya Tanga

Jioni hiyo nilimpigia baba mkubwa. Nikampa shikamoo, nikamwuliza hali, nikamwomba niongee na binti. Akanyamaza kidogo, akasema, "Una shida naye gani, mwanangu?" Nikasema nataka kumsalimia tu, na huo haukuwa ukweli wote.

Alipokuja kwenye simu nilimwuliza mkono umepona. Akasema umepona, dada. Nikamwuliza, kama angeulizwa siku ile barazani, angependa kukaa wapi, kwa baba mkubwa au kwa baba mdogo.

Kimya. Nilisikia sufuria ikichemka nyuma yake.

"Kwa mama," akasema. "Anavuna mahindi mwezi huu, na mgongo unamsumbua. Nilitaka kwenda kwa mama."

Nilituma nauli ya Tanga hadi Lushoto siku ya pili yake. Alisafiri Alhamisi. Baba mdogo alinipigia kunishukuru kwa sauti ya mtu asiyejua anashukuru nini. Baba mkubwa nimempigia mara nne tangu siku hiyo, na Idi imekaribia, na bado hajapokea.